Somo la Historia: Nani Alichora, Nani Alichorwa?

Leo tutajifunza namna ya kuitazama picha.

Mwaka 1866 Mfaransa Jean-Léon Gérôme, mwalimu wa chuo cha sanaa mjini Paris, alichora soko la watumwa la Mashariki. Mwanamke amesimama uchi. Mnunuzi amemtia vidole kinywani, anayakagua meno. Wazungu wengi walitazama picha za namna hii, wakadhani wamekwisha kuijua Mashariki.

Mwaka huo huo Seyyida Salme, binti Seyyid Said, alitoroka Unguja, na baadaye akakaa Ujerumani. Utotoni mwake wasichana wa jumba lao walifundishwa kusoma, si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake, akawajibu wasafiri waliokaa Mashariki wiki chache tu, kisha wakaeleza mambo ya nyumba wasizopata kuingia.

Lakini angalieni: katika kitabu hicho hicho aliutetea utumwa. Binti wa Sultani alijieleza. Mtumwa hakupewa kalamu. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, ila maneno ya wengi waliouzwa pale hayakuandikwa.

Basi, mwonapo picha, ulizeni: Nani aliichora? Aliwachorea nani? Aliyechorwa angesema nini?

Zoezi: Andika sentensi tatu za habari za kijiji chako, kwa mkono wako mwenyewe.