Pazia la Nafsi na Nyati wa Ishango

Msafiri atokaye magharibi, akiisha kupita siku nyingi chini ya miti mikubwa ya Ituri, nchini Kongo, ambamo jicho hukomea hatua chache mbele ya uso, hufika upande wa Komanda, katika eneo la Irumu, na hapo msitu humwachia kidogo kidogo, hata akajikuta mbele ya nyika ya majani ielekeayo Bunia na Ziwa Albert. Sijui mahali pafaapo kuliko mpaka huo kwa kuuliza swali hili la kale: je, jicho huona kilichopo, au huona kile lilichofunzwa kukitazamia?

Colin Turnbull, mtaalamu Mwingereza wa elimu ya binadamu, alitoa mwaka 1961 habari ya safari aliyofanya pamoja na Kenge, kijana wa Kimbuti, watu wa msitu huo, aliyeishi Epulu, kutoka msituni hadi Ishango, penye Ziwa Edward. Kenge alipotupa macho uwandani akaona nyati wakila majani mbali sana, aliuliza ni wadudu gani wale. Na alipoambiwa kuwa ni nyati alicheka sana, akamwonya mwenzake asimwambie uwongo wa namna ile. Gari likasogea, na wale wadudu wakakua mbele ya macho yake hata wakawa nyati kweli kweli, naye akabaki akijiuliza kama walikuwa wadogo kisha wakakua ghafla, ama kama palikuwa na hila.

Aghalabu hadithi hii husimuliwa ili watu wamcheke Kenge. Naiona hukumu hiyo kuwa ni batili na dhuluma pia. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki yapata mwaka 1040, alibainisha katika Kitab al-Manazir kwamba ukubwa wa kitu na umbali wake havijulikani kwa hisi ya jicho peke yake, bali kwa hukumu ya akili ipitayo upesi kwa mazoea, hata mwenye kuona asitambue kuwa amehukumu. Basi Kenge alihukumu kama tuhukumuvyo sote, kwa kipimo alichopewa na maisha. Msituni kipimo hicho kilikuwa sahihi, kwa maana huko mnyama aonekanaye mdogo ni mdogo. Turnbull mwenyewe hakuwa huru, kwani waliomfuata katika elimu ya binadamu wamemlaumu kwa kuuchora msitu wa Ituri mfano wa pepo. Yeye naye alikuwa na nyati wake.

Wapo wasemao kuwa dawa ni kuyaondoa mapazia yote ya mazoea, ili nafsi ibaki na ufahamu mtupu usiotiwa rangi na dhana wala kumbukumbu. Naiheshimu shauku hiyo, walakini siikubali yote, maana jicho lililovuliwa kila zoea halioni zaidi. Lingeona rangi na mwendo tu, lisijue nyati wala mdudu. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliufananisha moyo na kioo kiingiacho kutu. Na kazi ya mwenye kioo ni kukisugua, si kukivunja. Nionavyo mimi, kutulia katika ufahamu ni jambo dogo na gumu kuliko hilo: mtu akae kimya, aione taswira ikija, kisha aone jina likiikimbilia taswira hiyo kutaka kuivaa, na katika nafasi nyembamba iliyo baina ya hayo mawili apumzike, asiwe na haraka ya kusema “najua”. Kenge aliijua nafasi hiyo. Cheko lilipomwisha, na hofu ilipomtoka, hakushika ubishi. Aliiacha ajabu ibaki ajabu, akauliza.

Napenda watu wa Irumu wayapime maneno haya kwa msiba wao wenyewe. Watawala wa Kibelgiji waliwatazama Wahema kama wafugaji waliozaliwa kutawala, na Walendu kama wakulima wa kutawaliwa, na mtazamo huo ukaandikwa katika kazi za serikali na nafasi za shule, hata wajukuu wakaupokea kama kwamba ni umbile. Sikanushi kuwa ugomvi wa ardhi ulikuwa ugomvi wa kweli, wala kuwa majeshi ya nje yalichochea vita baina yao vilivyoanza mwaka 1999. Lakini ardhi peke yake haimfanyi jirani aonekane mdudu. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, kilicho katika Irumu hiyo hiyo, kilishambuliwa, na waliouawa humo waliuawa kwa jina walilovikwa kabla hawajatazamwa. Na Wahema wa kaskazini, huko Djugu, waliohesabiwa katika vita hivyo kuwa watu mbali kabisa na Walendu, lugha wasemayo majumbani mwao ni Kilendu.