Mota Iliyonguruma Bila Kuzunguka

Mashine ya mama haikufa kimya. Ukizungusha taima ilinguruma, mmmmm, kama mtu anayejaribu kunyanyua gunia la mahindi lililomzidi, na sahani ya chini haisogei hata kidogo. Wiki moja baadaye upande wa kukamulia nao ukaanza kunguruma vilevile. Fundi aliyeitwa kabla sijafika alikwishatoa hukumu: mota zote mbili zimeungua, zisukwe upya kwa shilingi 120,000, au mama anunue mashine nyingine. Akachukua 10,000 yake ya kuangalia, akaondoka.

Niliingia Songea mwezi Juni, nikakuta kamba zote mbili uani kwetu Bombambili zimejaa mashuka. Juni kule ni baridi. Shuka zito lililokamuliwa kwa mkono linaweza kushinda siku mbili kambani na pindo zake bado ni mbichi. Bibi alikuwa na miezi saba kitandani baada ya kupata kiharusi, na mashuka yake yalibadilishwa mara mbili kwa siku, siku mbaya mara tatu. Mama ana miaka 61 na vifundo vya mikono yake vimevimba. Hakunieleza lolote kuhusu hilo. Aliniita tu nishike ncha moja ya shuka, yeye akashika nyingine, tukaanza kusokota kila mmoja upande wake mpaka maji yakaacha kutoka.

Tukiwa tumeshikana na lile shuka nikamwambia mashine nitaifungua mimi.

“Baba, wewe si umesomea historia?”

Ni kweli, nimesomea historia. Ile ya Songea tuliyofundishwa ilikuwa ya vita vya Majimaji, ya mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906 na ambao mji unawakumbuka kila mwaka pale Mahenge, kwenye makumbusho. Ni historia nzito na ninaiheshimu. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza nani alikuwa anafua nguo za watu wote hao, kwa sabuni gani, na ilimchukua siku ngapi za maisha yake. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi nilifanya nilichosomea: nilitaka kujua mashine hii imetoka wapi.

Vitabu vingi vya zamani vitakuambia kwamba mashine ya kufulia ya umeme ilibuniwa na Mmarekani Alva Fisher, aliyepewa hataza mwaka 1910. Usiamini sana. Mashine za aina hiyo zilikuwa zikitangazwa kwenye magazeti ya Marekani miaka kadhaa kabla ya hapo, ila Fisher ndiye jina lake lilibaki. Mwaka 1937 kampuni ya Bendix ikaonyesha mashine ya nyumbani inayojaza maji, kufua, kusuuza na kukamua yenyewe. Ilitikisika kiasi kwamba ilibidi ifungwe kwa bolti sakafuni. Hiyo ndiyo babu wa zile zenye mlango wa kioo mbele unazoziona kwenye filamu.

Mashine ya mama ni ya ukoo mwingine. Ni ile ya plastiki yenye matangi mawili, la kufulia kushoto, la kukamulia kulia, na ukoo wake unaanzia Uingereza. Mwaka 1948 kampuni ya Hoover ilianza kutengeneza huko Merthyr Tydfil, Wales, mashine ndogo yenye sahani ya mbawa inayozunguka ubavuni mwa tangi na kuyachafua maji. Juu yake kulikuwa na roli mbili za kukamulia kwa kuzungusha mpini. Mwaka 1953 kampuni ya Sanyo ya Japani ikatoa ya kwake kwa kufuata wazo hilohilo, na kabla muongo haujaisha Wajapani walikuwa wakiihesabu mashine ya kufulia, pamoja na friji na televisheni, kama hazina tatu ambazo kila nyumba ilitamani. Sahani ikahamia chini ya tangi, tangi la pili la kukamulia likaongezwa. Miaka ya 1980 viwanda vya China vikaanza kutoa mashine za nyumbani kwa wingi. Na mwaka 2012 mama alinunua yake Dar es Salaam, ikasafiri juu ya basi kupitia Iringa, Makambako na Njombe, imefungwa kwa blanketi na kamba za katani.

Uingereza kwenyewe aina hii iliachwa zamani. Hata rafiki zangu wa Dar wanaicheka, wanasema ni ndoo iliyopelekwa shule. Lakini fikiria mashine ya mlango wa mbele inataka nini. Nyingi zimeandikwa kwamba zinahitaji mgandamizo wa maji usiopungua nusu baa. Ili upate nusu baa kutoka kwenye simtanki bila pampu, maji yawe juu ya mashine kwa mita tano. Simtanki letu limekaa juu ya mnara wa matofali wa mita mbili. Mashine ile ingesubiri maji, isiyapate ya kutosha, iandike herufi za hitilafu kwenye kioo chake na kusimama. Ya mama haiulizi maji yametoka wapi. Unamimina kwa ndoo. Umeme ukikatika katikati unaendelea kwa mkono, ukirudi unazungusha taima, na sabuni iko palepale kwenye maji.

Na umeme ulikatika. Mashine hii ilifika wakati Songea ilikuwa bado kisiwa: mji haukuwa kwenye gridi ya Taifa, ulitegemea jenereta za dizeli, na mji wa jenereta huishi kwa mgawo. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole walianza kuzalisha umeme kwenye maporomoko ya Tulila, mto Ruvuma, megawati 5, wakauingiza kwenye mtandao wa mkoa. (Masista! Kama unatafuta mada ya tasnifu, hiyo hapo.) Gridi yenyewe ilifika mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 yenye urefu wa kilomita 250 hivi kutoka Makambako kupitia Madaba. Hivyo mashine ya mama ilikula miaka sita ya umeme wa kisiwa kabla ya kuonja wa bara. Taa zilizokuwa zikififia jioni kila mtu anapopika, kisha zikang'aa ghafla wengine wakizima, ndizo zilizokuwa zikiizungusha.

Nilichomoa waya ukutani, nikaigeuza mashine, nikafungua skrubu za mgongoni. Ndani kulikuwa na vumbi, soksi moja ya shule ambayo ni yangu au ya kaka yangu, mota mbili, na kidude cheupe cha plastiki chenye nyaya tatu. Mota za mashine hizi zina nyuzi mbili za kusukwa. Umeme wa nyumbani peke yake huzisukuma mbele na nyuma mahali pamoja, haujui uende kushoto au kulia, ndiyo maana mota hunguruma. Kidude kile, kapasita, huuchelewesha mkondo wa uzi mmoja dhidi ya mwingine, na tofauti hiyo ya muda ndiyo inayoifanya mota ijue upande wa kuanzia.

Hapo nikapata shaka na hukumu ya fundi. Mota mbili tofauti kuungua ndani ya wiki moja, zote zikinguruma kwa sauti moja, na hakuna hata moja yenye harufu ya kuungua? Zinashirikiana nini? Zinashirikiana kapasita moja. Ubavuni iliandikwa maikrofaradi 10 kwa mota ya kufulia na 5 kwa ya kukamulia, volti 450.

Jaribio la kwanza lilifanywa na mama. Mashine imesimamishwa tena, tangi halina maji, umeme umewashwa, mota inanguruma. Akachukua mwiko wa ugali mkavu akaisukuma sahani kidogo kwenda kulia. Ikaondoka yenyewe, ikazunguka. Tukazima. Tukawasha tena, akasukuma kushoto, ikaenda kushoto. Mota iliyoungua haifanyi hivyo. Mota iliyopoteza kapasita ndiyo huenda kokote unakoisukuma.

Nikazima, nikachomoa waya tena, nikagusisha bisibisi ya mpini wa plastiki kwenye ncha za kapasita ili imwage umeme uliobaki (usiruke hatua hii, kapasita hubaki na moto hata waya ukiwa nje), kisha nikaipima kwa mita niliyoazima kwa jirani anayetengeneza redio. Upande wa 10 ulisoma 2.8. Upande wa 5 ulisoma 1.3.

Namba hizo zilinikalisha chini. Ndani ya kapasita ya aina hii kuna utando wa plastiki uliopakwa chuma chembamba sana. Umeme ukiruka ukatoboa tundu, chuma kinachozunguka tundu huyeyuka na kupotea, na kapasita hujiponya, inaendelea na kazi. Lakini kila kupona kunakula kipande cha chuma, na uwezo wake unapungua. Joto nalo hula taratibu. Haifi siku moja. Nimesoma nyaraka nyingi za serikali kuhusu umeme wa mikoa ya kusini, na hakuna iliyoniambia wazi kama ile 2.8 kilichokuwa kikiendelea kwenye soketi za Bombambili.

Sitamsema vibaya yule fundi. Songea ni mji wa mahindi, na mahindi yanataka mashine za kusaga. Mota za mashine hizo zikiungua kwa umeme mdogo lazima mtu azisuke upya, na mtu aliyejifunzia kazi yake hapo, akisikia mota inanguruma, anachokiona kichwani ni shaba iliyoungua. Aliona kosa ambalo mji wake ulimfundisha kuliona. Hakupima, hilo ndilo kosa lake.

Ulaya tangu Machi 2021 sheria inawataka watengenezaji wa mashine za kufulia wawe na spea kwa miaka 10, na Ufaransa Januari mwaka huohuo ilianza kuwataka waandike alama inayoonyesha chombo kinatengenezeka kwa urahisi kiasi gani. Ni mambo mazuri. Mimi nilienda Majengo, kwenye duka la spea za pampu na feni. Kapasita ya pamoja hawakuwa nayo. Kijana akanipa mbili tofauti, moja ya 10 na moja ya 5, zote za volti 450, kwa jumla ya shilingi 12,000. “Unganisha mguu mmoja wa hii na mmoja wa hii, hapo ndipo pa ule waya wa pamoja,” akasema, bila kuniuliza cheti. Niliziunganisha, nikafunga viungo kwa seloteipu ya umeme, nikazibana kwenye bodi mbali na mkanda.

Wakati nafunga skrubu mama alikaa kwenye kigoda akasimulia, bila kuulizwa, miaka ya baada ya vita vya Kagera, alipokuwa binti mkubwa nyumbani na sabuni haipatikani. Walifulia majani ya mpapai. Bibi aliyalaza mashati ya babu kwenye maji ya majivu usiku kucha, na asubuhi mama ndiye aliyeyapeleka mtoni kabla ya shule. Nikamuuliza babu alikuwa na mashati mangapi. “Mawili,” akasema. “Moja mwilini, moja mtoni.”

Nikakumbuka kitabu cha Ruth Schwartz Cowan, mwanahistoria wa Marekani, cha mwaka 1983, *More Work for Mother*. Anaonyesha kwamba mashine za nyumbani ziliipunguza kweli kazi ya suluba, lakini saa za kazi za mama wa nyumbani hazikupungua kama ilivyoahidiwa. Kazi zilizokuwa zikifanywa na dobi, watoto au wasaidizi zilimrudia yeye peke yake, na watu wakaanza kutaka nguo safi mara nyingi zaidi. Nilipokisoma chuoni nilikiona ni kitabu cha Wamarekani. Lakini nyumba yetu ilikuwa na msaidizi wa kazi mpaka mashine iliponunuliwa. Mwaka uliofuata hakuwepo, na sikumbuki hata mara moja mimi au kaka yangu tukiambiwa tufue.

Tulimimina ndoo tatu za maji, tukatia mashuka mawili ya Bibi na sabuni ya unga. Nikazungusha taima. Sahani iligeuka kulia, ikapumzika, ikageuka kushoto. Mama aliinama akaiangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika kuangalia mashuka. Upande wa kukamulia ulipoanza, mashine nzima ikatetemeka, bomba la maji machafu likachomoka, tukalowa miguu wote wawili. Nililirudisha nikalifunga kwa waya.

Shuka lilitoka jepesi. Akalitwanga hewani mara moja kulinyoosha, akaliweka shavuni kupima ubichi, akaenda kulianika. Nilidhani atakaa sasa. Akapita mbele yangu kwenda chumbani kwa Bibi, nikasikia akimwinua na kumlaza upande wa pili, kisha sauti yake ikatoka dirishani.

“Baba, ongeza maji. Hili blanketi halijafuliwa tangu Januari, na hayo mapazia nayo yateremshe.”