Nyuma ya Kioo: Juu ya Msitu wa Mwani

Hapa mpo juu ya tangi lenye kina cha takriban mita 8.5. Jumba hili la viumbe wa baharini, Monterey Bay Aquarium, lilifunguliwa mwaka 1984 hapa California, mahali palipokuwa na kiwanda cha Hovden cha kusindika sadini.

Pampu huvuta maji ya tangi kutoka Ghuba ya Monterey. Mchana huchujwa ili wageni waone vizuri. Usiku huingia bila kuchujwa, yakileta vijiumbe ambavyo ni chakula cha wakazi wa tangi.

Mwani mkubwa huhitaji jua na maji yanayotembea, ndiyo maana paa liko wazi na mtambo husukuma mawimbi. Hukua haraka, hivyo wapiga mbizi huupogoa na kusugua kioo.

Sakafu ina utelezi. Tafadhali msitie mikono majini.