Makinikia

Kabla ya 2017 wengi tulisema "mchanga wa dhahabu" tu. Machi mwaka huo Rais John Magufuli alizuia usisafirishwe nje, na neno makinikia likaenea midomoni, kuanzia kwa wachimbaji wa Geita hadi kwa mama lishe wa Kahama. Ni mawe ya mgodi yaliyosagwa na kuchenjuliwa, ukabaki unga wenye shaba, fedha na dhahabu unaongoja kuyeyushwa. Ndivyo ulivyotoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Wengi humkumbuka Magufuli kwa kaulimbiu yake "Hapa Kazi Tu". Mimi namkumbuka zaidi kwa neno makinikia. Lilimpa mwananchi wa kawaida jina la kuulizia mali yake: yale makontena 277 ya mchanga huo yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam yalikuwa na nini ndani?