WALIOTUANDIKIA HERUFI HATUWAJUI MAJINA

Leo tuwaweke pembeni kidogo mastaa na nguo zao. Tuongelee kitu unachokiangalia kutwa nzima na hukijali: herufi. Ndiyo, hizi hizi A, B, K.

Kuna binti wa huku kwetu Kamuli, wilaya ya Kyerwa, anasoma usanifu wa grafiki Dar. Jina kaniomba nisimtaje. Mwaka wa kwanza alikuwa kama wengine tu: posta za shoo, kadi za harusi, fonti anachukua yoyote inayong'aa. Siku moja wakapewa kazi ya kutengeneza kibao cha nyumbani kwao. Akaandika KYERWA kwa herufi kubwa. Kila akiangalia, K na Y hazikai vizuri, katikati kuna uwazi kama jino limeng'oka. Akajaribu KAYANGA, ndo ikawa balaa zaidi. Tangu hapo rangi na mapambo hana habari navyo, ni herufi tu.

"Kaka, majina ya kwetu yote magumu," akaniambia. "Karagwe, Kagera, Kyerwa. Na hizi fonti zimetengenezwa na watu ambao hawajawahi kuandika Kyerwa hata siku moja."

Maneno yake yakanikaa kichwani, nikaanza kufuatilia.

Kiswahili hakikuanza na herufi hizi. Watu wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu miaka na miaka. Utendi wa Tambuka, moja ya tenzi za zamani zilizobaki kwenye maandishi, ni wa 1728. Kiarabu hakina p wala ch, kwa hiyo mwandishi alitumia herufi ya jirani au akaongeza nukta, na wewe msomaji ujiongeze.

Halafu wakaja wamisionari. Edward Steere wa UMCA alifika Zanzibar 1864, na misheni ikawa na mashine yake ya kuchapa. Sasa sikia hii. Kati ya waliofundishwa kupanga zile herufi walikuwemo vijana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kila herufi ni kipande kidogo cha risasi (madini, si ya bunduki), imegeuzwa kama kwenye kioo. Unaokota moja moja mpaka mstari ujae, ukurasa ujae, unapaka wino, unagandamiza karatasi. Ukimaliza unazibomoa na kurudisha kila moja kwenye chumba chake. Ukikosea chumba, kesho neno zima linaharibika.

Na lile tatizo la binti yetu wao walikuwa nalo zamani. Herufi ya risasi inakaa kwenye kitofali chake, huwezi kuisukuma A iingie chini ya Y mpaka ukate kitofali. Halafu herufi zinazopimwa kwa Kiingereza zinakuja na e nyingi, wakati Kiswahili kinakula a. Andika tu "majahazi yalikwama Zanzibar": a nane, e hakuna hata moja! Jina la Steere utalipata kirahisi. La kijana aliyeokota zile a zote, utalitafuta mpaka uchoke.

Baadaye Wajerumani walikuwa na gazeti la Kiongozi pale Tanga, 1904, na Waingereza wakaleta Mambo Leo 1923. Kanga nazo vilevile: misemo yake ya mwanzo ilikuwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndo zikaja hizi kubwa kubwa. Msemo wa kanga ya mama unaujua kwa moyo. Aliyezichora zile herufi je?

Turudi Kyerwa. Wilaya ilipokatwa kutoka Karagwe 2012, vibao vilivyoandikwa Karagwe vikawa vya kuandikwa upya. Baba mdogo wa huyu binti alikuwa fundi wa vibao, brashi na rula, hakufundishwa na mtu. Likizo iliyopita binti kakuta kibao chake cha zamani kimegeuzwa mlango wa banda la mbuzi. KYERWA, na Y imesogezwa kabisa chini ya mkono wa K. Hakuna shimo. Kitu alichofundishwa chuoni mwaka mzima, mzee alikifanya kwa jicho.

Siku hizi kila mtu anataka bango la plastiki la mashine, na mzee amerudi kwenye kahawa na migomba. Binti sasa anapiga picha vibao vyake vilivyobaki, anachora herufi upya kwenye kompyuta, iwe fonti kamili. Kakwama sehemu moja: mzee hakuwahi kuandika Q. Akampelekea karatasi na brashi.

"Q ya nini, mwanangu? Hapa Kamuli nani ana jina la Q?"

Lakini akaichora. Mara tatu, na ile ya tatu ndo binti kaichukua.