Masomo ya uhandisi ujenzi na uhandisi mazingira nchini Tanzania

Masomo ya uhandisi ujenzi na uhandisi mazingira nchini Tanzania hutolewa na vyuo vikuu na taasisi kadhaa za elimu ya juu. Shahada ya kwanza huchukua miaka minne. Programu aliyosoma mhitimu ina uhusiano wa moja kwa moja na usajili wake kama mhandisi, hivyo uchaguzi wa chuo hauishii kwenye umaarufu wa jina au ukaribu na nyumbani.

Tofauti ya fani

Uhandisi ujenzi hushughulikia majengo, barabara, madaraja na mabwawa. Uhandisi mazingira hushughulikia maji safi, majitaka, taka ngumu na uchafuzi wa hewa. Fani zote mbili hutumia hisabati na elimu ya mtiririko wa maji, lakini uhandisi mazingira huhitaji zaidi kemia na biolojia.

Vyuo

* Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kitivo chake cha uhandisi kilianza mwaka 1973.
* Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam: kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi kilipojitegemea mwaka 2007. Kinafundisha uhandisi mazingira.
* Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya: kilitokana na chuo cha ufundi cha Mbeya.
* Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam: chimbuko lake ni chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1957. Hutoa stashahada na shahada.

Sifa za kujiunga

Waombaji wengi hutoka kidato cha sita wakiwa wamesoma Fizikia na Hisabati, hasa katika tahasusi za PCM na PGM. Wenye stashahada ya ufundi katika fani husika pia huweza kudahiliwa.

Ithibati na usajili

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayosimamia ithibati ya vyuo vikuu na programu zake. Usajili wa wahandisi ni kazi ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuomba kuwa mhandisi mtaalamu. Mwenye shahada isiyotambuliwa na Bodi anaweza kumaliza masomo yake na bado akakosa usajili. Kwa sababu hiyo mwombaji hushauriwa kuhakikisha hali ya programu katika vyombo vyote viwili kabla ya kulipa ada.

Mambo mengine ya kuzingatia

Maabara za udongo na zege, vifaa vya upimaji ardhi, idadi ya wahadhiri na nafasi za mafunzo kwa vitendo hutofautiana kati ya chuo na chuo. Gharama za malazi na uwezekano wa kupata mkopo wa Serikali pia huathiri uamuzi wa familia nyingi.