Nyumba ya Ross, Point Douglas, Winnipeg

Nyumba hii ya magogo ilikamilika mwaka 1854. Aliyeijenga ni William Ross, mtoto wa Alexander Ross, mfanyabiashara wa manyoya kutoka Uskoti, na Sally, mwanamke wa taifa la Okanagan. Mwaka 1855 ikawa posta ya kwanza katika magharibi ya Kanada. William mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu wa posta, na barua zilipokelewa humu humu nyumbani kwake.

Sogea kwenye kona uangalie kazi ya seremala. Nguzo zilichongwa mifereji, kisha magogo yaliyochongwa bapa yakatumbukizwa ndani yake, moja juu ya jingine. Misumari ni michache mno. Nyufa zilizibwa kwa udongo, na baridi ya hapa si ya mzaha.

Zamani mtaa huu ulikuwa mashamba ya walowezi wa Kiskoti ukingoni mwa Mto Red. Reli ilipoukata katikati miaka ya 1880, matajiri walihama. Vikaja viwanda, na wafanyakazi wahamiaji, wengi kutoka Ulaya Mashariki, wakapanga jirani na moshi. Mafundi wa kiwanda cha chuma cha Vulcan walikuwa miongoni mwa walioanzisha mgomo mkuu wa Mei 1919.

Nyumba haikujengwa mahali hapa: ilihamishwa ili isibomolewe, ikafika bustani hii mwaka 1984.

Tafadhali usiegemee wala kuchokoa kuta.